Umeme tuli kwenye makochi msimu wa baridi: unyevu, kitambaa, dawa ya kupuliza au tabia?

Mtu aliyekulia Mombasa, Unguja au Dar es Salaam anaweza kufika utu uzima bila kupigwa shoti na kochi, kwa kuwa hewa ya pwani hubeba maji mengi kiasi kwamba chaji ya umeme haipati nafasi ya kujikusanya juu ya kitambaa. Akihamia Minneapolis kule Marekani, au Calgary au Edmonton kule Kanada, hali hugeuka katika msimu wake wa kwanza wa baridi. Anapoinuka kwenye kochi na kushika kitasa cha mlango, cheche hurukia kidole. Blanketi likivutwa gizani huonekana likimulika vicheche. Vumbi na manyoya ya paka hung'ang'ania mito hata baada ya kupanguswa. Ulinganisho huu umekusudiwa aliye katika nyumba ya namna hiyo, naye anataka kujua kama fedha yake iende kwenye mashine ya kuongeza unyevu, kwenye vifuniko vya pamba, kwenye dawa ya kupuliza, au kama mabadiliko madogo ya tabia yatamtosha.

Msimamo wa mwandishi ni huu: unyevu wa wastani ndio unaogusa chanzo, lakini una kikomo kinachowekwa na vioo vya madirisha, na pale kikomo hicho kinapofikiwa, kazi iliyobaki ni ya kitambaa na tabia. Dawa ya kupuliza ina mahali pake, ila ni padogo kuliko matangazo yanavyodai.

Kwa nini kochi linauma Januari na si Julai

Umeme tuli hutokea vitu viwili vinapogusana kisha vikaachana. Elektroni chache huhama kutoka kimoja kwenda kingine, hivyo kimoja kikabaki na upungufu na kingine kikawa na ziada. Vitu vinavyopitisha umeme vizuri, kama chuma, huisawazisha tofauti hiyo papo hapo, ilhali vihami, kama poliesta, plastiki na raba, huishikilia kwa muda mrefu. Hapo ndipo unyevu unapoingia: hewa ikiwa na maji ya kutosha, utando mwembamba wa maji usioonekana kwa macho hutanda juu ya nyuzi za kitambaa, juu ya mbao na juu ya ngozi ya mwili, na chaji huponyoka kupitia utando huo kabla haijawa nyingi. Hewa ikikauka, utando hupotea na njia ya kuponyokea hufungwa.

Hewa iliyo katika nyuzi 15 za sentigredi chini ya sifuri haiwezi kubeba zaidi ya gramu moja na nusu hivi ya mvuke wa maji katika kila mita ya ujazo, lakini hewa ya nyuzi 21, ambayo ni joto la kawaida la sebule, huweza kubeba gramu 18. Hewa ya nje inapopenya ndani na kupashwa joto bila kuongezewa maji, hubaki na gramu yake ile ile moja na kitu mbele ya uwezo wa gramu 18, na kwa hiyo unyevu wake huwa chini ya asilimia 10. Watu wanaopumua, sufuria zinazochemka na maji ya kuogea huongeza kiasi fulani, ndiyo maana nyumba nyingi za maeneo hayo husoma kati ya asilimia 15 na 25 wakati wa baridi kali. Wengi huilaumu hita kwamba inakausha hewa. Hita ya kawaida haiondoi maji hewani. Inaikuza tu njaa ya hewa ya kutaka maji, na hewa hiyo huyatafuta popote ilipo, ikiwemo kwenye ngozi, midomo, mbao za samani na kitambaa cha kochi.

Ukubwa wa tofauti hii unaonekana katika jedwali linalonukuliwa sana na mafundi wa vifaa vya elektroniki, lililomo katika mwongozo wa Wizara ya Ulinzi ya Marekani wa mwaka 1980. Kwa mujibu wake, kutembea juu ya zulia kunaweza kuzalisha volti 35,000 katika unyevu wa asilimia 10 hadi 20, lakini volti 1,500 tu katika unyevu wa asilimia 65 hadi 90. Kiti chenye sponji ya poliyurethani, yaani sponji ile ile iliyomo katika makochi mengi, kinaweza kufikia volti 18,000 katika hewa kavu na 1,500 katika hewa yenye maji. Binadamu kwa kawaida hahisi chochote mpaka volti zikaribie 3,000, kwa hiyo mkaaji wa pwani huzalisha umeme tuli kama wengine wote, ila hajui kwamba anauzalisha. Maelfu haya ya volti hayamdhuru mtu mwenye afya kwa sababu kiasi cha umeme wenyewe ni kidogo mno na hupita kwa muda mfupi sana. Ni kero, na kwa kompyuta iliyofunguliwa ni hatari, lakini si sawa na umeme wa ukutani.

Kwanza lijulikane lalamiko

Kabla ya kulinganisha njia, ni lazima kutenganisha malalamiko mawili ambayo watu huyachanganya. La kwanza ni shoti ya kidoleni. Hapo chaji inayouma imo mwilini mwa mtu, si ndani ya kochi: akiwa amekaa, chaji yake na chaji ya kitambaa ziko karibu karibu na zinavutana, hivyo volti huwa ndogo; anapoinuka, chaji hizo hutenganishwa na volti za mwili wake hupanda ghafla, na chuma cha kwanza anachokigusa ndicho kinachozipokea. La pili ni kochi kunasa vumbi, nywele na nyuzi, au nguo kuganda mwilini. Hapo chaji imetulia juu ya kitambaa chenyewe.

Tofauti hii ina uzito kwa mnunuzi. Mtu anaweza kutolewa umeme kwa kugusa chuma, kwa kuwa mwili hupitisha umeme. Kochi la poliesta haliwezi kutolewa umeme kwa njia hiyo, hata likifungwa waya unaokwenda ardhini, kwa sababu kihami hakiruhusu chaji isafiri kutoka upande mmoja hadi mwingine. Waya ungeondoa chaji ya pale tu unapogusa. Ushauri unaosambaa wa kupitisha hanga ya chuma juu ya kochi una kaukweli kadogo: chuma huondoa chaji mahali kinapopita, lakini anayeketi dakika tano baadaye anairudisha yote.

Njia ya unyevu

Faida yake kubwa ni kwamba inafanya kazi kwa kila kitu kwa pamoja: makochi, mazulia, mapazia, matandiko, nywele za watoto na sweta zilizomo kabatini. Pia inaipunguzia ngozi na koo ukavu, na samani za mbao haziachii viungio vyake upesi. Ikiwa nyumba inasoma asilimia 15, kuipandisha hadi 35 hupunguza shoti kwa kiasi ambacho kila mtu nyumbani atakitambua. Kufikia 40 au 45 huziondoa karibu zote.

Tatizo ni vioo. Maji yakiwa mengi hewani na kioo kikawa baridi, mvuke hugeuka matone juu ya kioo, matone hutiririka kwenye fremu, na baada ya majuma machache ukungu mweusi huota pembeni. Kwa dirisha la vioo viwili, mwongozo unaotumika sana katika majimbo ya kaskazini ya Marekani ni kwamba nje kukiwa kati ya nyuzi 7 chini ya sifuri na nyuzi 4 juu yake, ndani panaweza kuvumilia asilimia 40. Kukiwa nyuzi 18 hadi 12 chini ya sifuri, isizidi 30. Kukiwa nyuzi 29 hadi 23 chini ya sifuri, isizidi 20. Na chini ya hapo, 15. Maana yake ni kwamba katika zile siku ambazo kochi linauma zaidi kuliko siku nyingine zote, nyumba ndiyo inayoruhusu unyevu mdogo zaidi, na mashine yoyote, hata iwe ya bei gani, haiwezi kuikwepa kanuni hiyo. Mamlaka ya mazingira ya Marekani, EPA, inashauri unyevu wa ndani ukae chini ya asilimia 60, na uzuri zaidi kati ya 30 na 50. Kwa anayeishi kwenye baridi kali, lengo la asilimia 30 hadi 35 ndilo la busara, akiishusha mashine kila anapoona matone kwenye kioo asubuhi.

Maji kiasi gani yanahitajika? Sebule ya mita za mraba 20 yenye dari la mita 2.5 ina mita za ujazo 50 za hewa. Kuipandisha kutoka asilimia 15 hadi 35 kwa joto la nyuzi 21 kunahitaji gramu 180 hivi za maji, ambazo hazijazi glasi. Lakini hakuna nyumba isiyovuja. Ikiwa nusu ya hewa ya chumba hubadilishwa kila saa, gramu 90 hupotea kila saa, na hivyo chumba kitataka zaidi ya lita 2 kwa siku ili kibaki pale pale, mradi mlango umefungwa. Hesabu hii inatosha kumaliza mjadala wa bakuli la maji juu ya redieta: si uongo kwamba linasaidia, ila eneo la maji yake ni dogo na mara nyingi kinachotoka ni sehemu tu ya kinachotakiwa.

Njia ya bei ndogo yenye nguvu zaidi ni ile ambayo wengi wetu tulikua nayo, yaani kuanika nguo. Mzigo mmoja wa nguo uliokamuliwa na mashine huwa bado umebeba takriban lita 2 za maji, kiasi kile kile ambacho sebule yetu inakitaka kwa siku nzima. Kuzianika juu ya kichanja cha ndani kunaipa hewa maji hayo bila kununua chochote, na zaidi ya hapo nguo zenyewe hazipitii kwenye mashine ya kukaushia, ambayo huzisugua poliesta na pamba pamoja katika hewa ya moto mpaka zitoke zimejaa umeme. Dosari yake ni kwamba maji hutoka kwa mkupuo badala ya kutoka polepole, kwa hiyo katika chumba kidogo kisicho na mzunguko wa hewa, vioo vitalowa jioni na kukauka kesho yake. Aanikaye afanye hivyo sebuleni palipo wazi, asifanye katika chumba cha kulala kilichofungwa.

Mashine tatu zikiwekwa pamoja

Kwa anayenunua mashine, chaguo halisi ni kati ya ile ya utambi na feni, ile ya mtetemo wa sauti isiyosikika inayotoa ukungu baridi, na ile inayochemsha maji.

Mashine ya utambi hupitisha hewa kwenye kitambaa au karatasi nene iliyolowa, na maji huvukizwa kama yanavyovukizwa kwenye nguo iliyoanikwa. Ina sifa moja ambayo, kwa maoni yangu, inaiweka mbele ya nyingine: inajizuia yenyewe. Hewa inavyozidi kupata maji, ndivyo utambi unavyokauka polepole zaidi, kwa hiyo ni vigumu kuipitiliza nyumba hadi ikalowa. Chumvichumvi za maji hubaki kwenye utambi, hazitawanyiki chumbani. Kasoro zake ni kelele ya feni na utambi unaogandamana na kupaswa kubadilishwa mara kadhaa kwa msimu, hasa pale ambapo maji ya bomba ni magumu.

Mashine ya mtetemo haina kelele, ni ndogo, hutumia umeme kidogo na kwa kawaida ndiyo ya bei ya chini. Lakini inachokirusha hewani ni matone madogo yenye kila kitu kilichokuwamo majini, hivyo maji magumu huacha vumbi jeupe juu ya televisheni na juu ya kochi lile lile tunalotaka lisinase vumbi. EPA imeeleza kwamba mashine za aina hii na zile zinazorusha maji kwa pangaboi linalozunguka kwa kasi ndizo zinazotawanya chumvi na vijidudu kuliko nyingine. Dawa ni kutumia maji yaliyokenekwa, yaani yaliyogeuzwa mvuke na kurudishwa kuwa maji. Maji ya kuchemsha hayafai kwa kusudi hili. Kuchemsha huua vijidudu lakini huacha chumvi zote ndani, na kwa kuwa maji mengine yamepotea kwa mvuke, chumvi huwa nzito zaidi kuliko mwanzo. Isitoshe, ikisimamishwa karibu na kochi, ukungu wake hulowesha kitambaa upande mmoja.

Mashine ya kuchemsha hutoa mvuke safi, kwani chumvi hubaki chini ya birika lake na vijidudu hufa. Bei yake halisi imo katika bili ya umeme: kuvukiza lita moja ya maji kunahitaji takriban uniti 0.7, kwa hiyo lita 2 kwa siku ni karibu uniti moja na nusu. Haki ni kuongeza kwamba mashine ya utambi nayo hailipi sifuri, kwa sababu huchukua joto hilo hilo kutoka kwenye hewa ya chumba na mtambo wa kupasha nyumba hulirudisha. Maji hayavukizwi bure popote. Tofauti ni kwamba nyumba inayopashwa kwa gesi hulipa joto hilo kwa bei ya gesi, ambayo katika maeneo mengi ya Amerika Kaskazini ni nafuu kuliko ya umeme. Palipo na mtoto anayetambaa, mashine yenye maji ya moto isikae sakafuni wala juu ya kistuli. Hapo hakuna hoja ya bei inayoweza kushinda.

Ipo pia mashine inayofungwa kwenye mifereji ya hewa moto ya nyumba nzima, ikaunganishwa na bomba la maji na la kutolea taka. Kwa mwenye nyumba iliyo na mfumo wa hewa moto ndiyo isiyomsumbua kuliko zote. Kwa mpangaji, na kwa nyumba inayopashwa kwa redieta za maji ya moto, haipo katika orodha.

Mashine yoyote ikichaguliwa, maji yabadilishwe kila siku na tangi lisafishwe kila siku ya tatu, kama EPA inavyoelekeza, kwa kuwa tangi lenye utelezi hugeuza kero ya umeme kuwa kero ya kifua. Na kabla ya mashine kinunuliwe kipima unyevu, ambacho bei yake ni ndogo sana ukilinganisha na vingine vyote vilivyotajwa hapa. Usahihi wake hupimwa kwa chumvi ya mezani: kizibo cha chupa hujazwa chumvi iliyoloweshwa mpaka ikawa kama uji mzito bila kuyeyuka yote, kikawekwa pamoja na kipimo ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri usiku kucha, na asubuhi kipimo kinapaswa kusoma asilimia 75. Kikisoma 70, mwenye nyumba anajua kuongeza tano kila anapokitazama.

Njia ya kitambaa

Hapa fedha hutumika mara moja na matokeo hudumu, lakini huwa ya kochi lile tu. Nyuzi hutofautiana sana katika kubeba maji. Zikipimwa katika hewa ya nyuzi 20 yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji takriban asilimia 7 hadi 8 ya uzito wake, sufu asilimia 14 hadi 16, nailoni kama 4, na poliesta chini ya nusu ya asilimia moja. Katika mpangilio wa vitu kwa jinsi vinavyopokea au kutoa elektroni, ngozi ya mwili, nailoni na sufu ziko upande wa kutoa, poliesta na plastiki ya PVC ziko upande wa kupokea, na pamba imekaa karibu na katikati. Vitu vya ncha mbili vinaposuguana ndipo chaji huwa kubwa, na ndiyo sababu mtu aliyevaa sweta ya sufu akiketi juu ya kochi la maikrofaiba, ambalo kwa kawaida ni poliesta, anakuwa amejitengenezea mtambo mzuri wa umeme. Sufu kubeba maji mengi hakumwokoi katika hewa ya asilimia 15, kwa sababu hayo maji hayapo ya kubebwa.

Kwa hiyo makochi yakipangwa kuanzia yanayoudhi kidogo, mwanzoni huja ya pamba au kitani, na ya ngozi halisi ambayo imetunzwa kwa mafuta yake. Kisha mchanganyiko wa pamba na poliesta. Mwisho kabisa maikrofaiba, velvet ya poliesta, na ngozi bandia ya PVC. Ngozi bandia huwadanganya wanunuzi, maana kwa macho inafanana na halisi ilhali kwa umeme ni plastiki tu.

Aliye na kochi la maikrofaiba na hana mpango wa kulibadilisha anaweza kulifunika. Shuka la pamba, au kanga na vitenge vilivyotandikwa kwenye kalio na mgongo wa kochi, hutenganisha nguo za mkaaji na poliesta, nayo ni njia rahisi kuliko vifuniko vya kunyooshea vinavyouzwa madukani, ambavyo vingi vyenyewe ni poliesta na spandeksi na kwa hiyo haviponyi ugonjwa. Tahadhari ni kwamba baadhi ya kanga na vitenge vya siku hizi vimefumwa kwa poliesta. Kitambaa kikishafuliwa na kutolewa wanga wa kiwandani, kidondoshewe tone la maji: pamba hulinywa mara moja, poliesta huliacha limeketi juu kwa muda. Kasoro ya njia hii ni kwamba kifuniko husogea na kukunjamana, na sehemu zilizobaki wazi huendelea kunasa manyoya.

Zulia nalo lihesabiwe. Zulia la nailoni au la polipropilini pamoja na kandambili za raba humjaza mtu chaji hata kabla hajaketi, na kochi hubeba lawama isiyo yake. Mkeka wa nyuzi za mmea au zulia la pamba mbele ya kochi hupunguza sehemu hiyo ya tatizo, na soksi za pamba ni bora kuliko viatu vyenye soli ya raba.

Njia ya dawa

Dawa za kupuliza za kuzuia umeme tuli, ambazo Static Guard ndiyo inayojulikana zaidi Marekani, huacha juu ya nyuzi utando wa kemikali unaovuta maji kidogo yaliyopo hewani na kuipa chaji pa kupitia. Kilainishi cha nguo kilichochanganywa na maji mengi katika chupa ya kupulizia hufanya kazi kwa kanuni hiyo hiyo, na vile vikaratasi vya mashine ya kukaushia vikisuguliwa juu ya kochi huacha utando wa aina hiyo pia. Zote hufanya kazi upesi, ndani ya dakika chache, na hilo ndilo jambo ambalo njia nyingine haziwezi kulitoa.

Udhaifu wake umo katika mambo mawili. Kwanza, utando huchakaa kwa kukaliwa, hivyo kochi linalotumika kila siku litataka kupulizwa tena na tena msimu mzima. Pili, kilainishi kikizidi hufanya kitambaa kinate na kushika uchafu, na baada ya miezi michache kochi huwa na kivuli cha kijivu palipokaliwa. Kwa kuwa utando huo unategemea maji ya hewani, nguvu yake hupungua kadiri hewa inavyozidi kukauka. Dawa nyingi za makopo zina pombe na gesi inayowaka, kwa hiyo zisipulizwe karibu na hita au jiko, na dirisha lifunguliwe kidogo. Penye paka pawe na uangalifu zaidi, kwani wao hulamba manyoya yao na kemikali za vilainishi huwadhuru kinywa. Nguo za kulalia za watoto zilizotengenezwa zisishike moto haraka nazo zisiguswe na vilainishi, jambo ambalo huandikwa kwenye lebo zake.

Kwa samani za plastiki, meza za kioo na fremu ya televisheni, dawa haihitajiki. Kitambaa chenye unyevunyevu na tone la sabuni ya vyombo kinatosha. Kinachokosewa mara nyingi ni kuzipangusa kwa kitambaa kikavu cha maikrofaiba, ambacho kwa kusugua kwenyewe huzijaza chaji na kuvuta vumbi jipya.

Njia ya tabia

Haina gharama, nayo humaliza shoti bila kuligusa tatizo la vumbi. Mtu ashike chuma chenye kugusana na sakafu au fremu ya kochi kabla hajainuka, na asikiachie mpaka awe amesimama wima; chaji hutoka polepole wakati inapozaliwa, badala ya kungoja kitasa. Kanuni hiyo hiyo hutumika kwenye gari: shika ukingo wa chuma wa mlango unapotoka kitini. Aliyesahau na tayari amesimama aguse kitasa kwa ufunguo alioukamata barabara, kwa sababu cheche itarukia ufunguo na umeme utaingia mkononi kupitia eneo pana badala ya nukta moja ya kidole, na hautauma. Kupaka mafuta mikononi pia husaidia kiasi, kwa kuwa ngozi iliyokauka huwa kihami kuliko ngozi laini.

Vifaa vya kurusha ioni, yaani chembe za hewa zenye chaji, vinavyouzwa kwa matumizi ya nyumbani nimeviacha nje ya ulinganisho. Viwandani vinafanya kazi kwa kuelekezwa kwenye kitu kimoja kwa karibu, lakini kimoja kilichosimama pembeni mwa sebule hakifikii makochi kwa nguvu hiyo, na baadhi yake hutoa ozoni, gesi inayokera mapafu.

Nani achague nini

Mpangaji wa chumba kimoja au viwili, ambaye madirisha yake tayari hutoa machozi asubuhi, asinunue mashine. Hewa yake ina maji kuliko anavyodhani. Afunike kochi kwa pamba na ajizoeze kushika chuma. Mpangaji ambaye kipimo chake kinasoma chini ya asilimia 25 na vioo vyake ni vikavu, aanze kwa kuanika nguo ndani, na ikiwa hafui mara nyingi kiasi hicho, anunue mashine ya utambi inayolingana na ukubwa wa sebule. Mwenye nyumba yake na mfumo wa hewa moto atafaidika zaidi na mashine ya mifereji, akiiwekea kidhibiti kinachopunguza unyevu baridi inapozidi. Mwenye kazi ya kutengeneza kompyuta mezani nyumbani asitegemee unyevu peke yake, kwa sababu vijenzi huharibika kwa volti ambazo mtu hawezi hata kuzihisi. Ukanda wa mkononi unaounganishwa na ardhi ndio unaomfaa. Dawa ya kopo ibaki kabatini kwa ajili ya siku ya wageni, au kwa sketi na kanzu inayoganda miguuni dakika chache kabla ya kutoka.

Aliye karibu kununua kochi jipya ana nafasi ambayo wengine hawana. Asome lebo iliyo chini ya mto ili ajue kitambaa kimefumwa kwa nini, kisha aende dukani wakati wa baridi akiwa amevaa sweta anayoivaa nyumbani, aketi, ajisogezesogeze kidogo, ainuke na kugusa kitu cha chuma. Jaribio hilo likifanywa Julai halimwambii chochote.